Mwalimu wa Jioni na Mashine Isiyowahi Kufika Ufipa

Nimewaona watu wengi wakizifokea simu zao: kwa sababu ya mtandao, kwa sababu ya chaji, kwa sababu ya wake zao. Lakini mtu aliyeisimamisha simu juu ya meza mbele ya darasa zima, akainyooshea chaki na kuiambia "Rudia kazi," nimemwona mmoja tu, naye ni mwalimu wetu wa jioni.

Kwao ni wapi na baba yake alikuwa nani, hayo waulizwe wanaoandika wasifu wa watu. Mimi nilimkuta tayari ni mzee, tayari ana koti, tayari ana hasira. Alitufundisha Uraia na Kiswahili pale Chanji, Sumbawanga, huku Ufipa, katika darasa la watu wazima ambao shule ilitupita utotoni, au tuseme ukweli, sisi ndio tuliipita. Mchana nilikuwa nasaga mahindi mashineni, na jioni niliingia darasani mweupe kuanzia kichwani hadi kwenye nyusi, kiasi kwamba siku ya kwanza mwalimu alisimama akaniamkia shikamoo. Alipogundua kuwa ni unga, alisimamisha somo.

"Shikamoo haipotei hivihivi," alisema. "Irudishe."

Nikairudisha. Darasa likapiga makofi.

Lile koti lake lilikuwa la sufu, zito kama godoro lililonyeshewa, la rangi ambayo zamani ilikuwa na jina. Watu wa mikoa ya joto hawatanielewa, lakini upepo wa Sumbawanga ukiamua unaweza kumvua mtu soksi na kumwachia viatu. Mwalimu alilivaa koti lile hata miezi ya jua kali, jasho likimtiririka. Alisema baridi haiaminiki, inaweza kurudi ikidai imesahau kitu.

Alikuwa mtu wa sayansi, hilo mlijue. Uchawi hakuna: alilisema nje ya kanisa, alilisema msibani, alilisema hata kwa watu ambao hawajauliza. Lakini kwa kinyozi, akishanyolewa, aliinama mwenyewe na kuziokota nywele zake zote sakafuni, akazifunga kwenye leso. Siku moja kinyozi alishindwa kuvumilia.

"Mwalimu, si unasema uchawi hakuna?"

"Hakuna," akajibu huku akikaza fundo. "Lakini wachawi wapo."

Pombe alikuwa haigusi. Aliizungumzia kama mtu anavyomzungumzia mkwe aliyemkosea. Na pamoja na mapenzi yake yote ya picha, ambayo ndiyo yatakayotuchukua hadi mwisho, yeye mwenyewe alikuwa hakubali kupigwa picha. Ukitoa simu, anageuka ukutani. Nina picha yake ya mahafali ambayo ni koti tupu na sikio.

Mambo ya picha yalianzia kwenye somo la Uraia, mada ya jamii. Mwanawe aliye Mbeya alimletea simu kubwa yenye ile programu ya akili mnemba, unayoiandikia maneno nayo inakuchorea picha: mtu asiyekuwepo, amesimama mahali pasipokuwepo, kwa muda wa kupiga chafya. Wengine wangeitumia kujichorea gari. Mwalimu aliisajili kama mwanafunzi. Aliiandikia maombi yake kama barua ya kuomba kazi, yenye salamu, utangulizi, kiini na shukrani. Picha ikitoka, anaiwasha kwenye projekta ya kuazima, anatuuliza maoni, kisha anaipa maksi.

Maksi zenyewe zilikuwa za huruma. Aliiomba ugali wa ulezi na maharage. Ikatoa keki ya chokoleti, na juu ya keki tunda jekundu ambalo darasa zima hakuna aliyelijua jina. Aliiomba mwalimu wa Kitanzania. Akaja kijana wa suti, meno meupe kama vigae vya hospitali, anatabasamu. "Huyu hajawahi kulipwa mshahara wa ualimu," alisema mwalimu, akampa sifuri. Akaiomba shamba la Kifipa la ntumba, yale matuta ya duara tunayofukia nyasi ndani yake zioze ziwe mbolea. Hapo tulishangilia, maana matuta yalitoka vizuri kabisa, mviringo, yamepangika, ukungu wa asubuhi umetanda juu yake. Kisha tukatazama vizuri. Juu ya kila tuta mashine ilikuwa imechomeka msalaba.

Mama mmoja wa nyuma akafanya ishara ya msalaba.

"Imezika kata nzima," alisema mwalimu kwa upole. "Maksi za ukungu inapata."

Tulikuwa na mwenzetu mfugaji, Msukuma, ambaye familia yao ilihamia huku na ng'ombe kutoka kaskazini-magharibi. Mtu mpole, mrefu, anayekaa kwenye dawati kama ngazi iliyokunjwa. Naye aliomba achorewe baba yake na ng'ombe wake. Akatokea Mmasai wa shuka jekundu na mkuki, yuko hewani, ameruka juu kuliko mti.

"Mwalimu," mfugaji akauliza, "sasa huyu mzee wangu mnamrusha kwenda wapi?"

"Vumilia, mwanangu. Mwanafunzi huyu kasoma sana, lakini hajatembea."

Ndiyo ilikuwa falsafa yake, na aliirudia mpaka tukaiota. Mashine haijafika Ufipa, alisema. Imesoma tu waliyoyasema watu kuhusu Ufipa, na kuhusu Afrika, na kuhusu wazee, na kuhusu kila mtu. Inachota maneno yetu, inayapika, inatupakulia. Ukiona sura mbaya sahanini usimpige mpishi, uliza nani alileta mboga. Sisi tulidhani anaipenda mashine. Baadaye nilielewa kuwa alikuwa anaipeleleza.

Basi siku moja aliacha salamu na utangulizi, akaandika maneno matatu tu: bibi wa Sumbawanga.

Sasa ninyi mnajua tunavyosemwa. Mtu wa kwetu akitaja kwao ndani ya basi huko mbali, jirani anavuta begi lake kifuani. Wanatutania kwamba radi tunazifuga bandani kama kuku, na ungo tunaupanda kama bodaboda. Tunacheka nao, kwa sababu ukikasirika ndiyo wanaogopa kweli. Mashine nayo, mtoto msikivu, ilikuwa imesikia yote. Ikatoa kikongwe wa macho mekundu kama makaa, kilemba kimefungwa kwa mbele, ungo mkononi, na mgongoni kwake radi imepasua mbingu vipande viwili.

Tulingoja afoke. Hakufoka. Alivua miwani, akaivaa tena.

"Mia kwa mia," alisema. "Hii ndiyo insha ya kwanza isiyo na kosa. Hivi ndivyo mlivyosema."

Mahafali yetu yalipofika, kabla ya mitihani, mwalimu alipamba ukuta kwa picha zote hizo, zimechapwa kwenye mabango, na juu yake akaandika KIOO CHA JAMII. Bibi alipewa bango kubwa kuliko yote, kubwa kuliko la mgeni rasmi. Chini yake mwalimu aliandika kwa mkono wake: *Huyu hayupo. Haya ni maneno yetu.* Maandishi mazuri, ya mwalimu wa zamani, madogo kama chenga za mchele. Hakuna aliyeyasoma. Watu walijipanga kupiga picha na bibi, wakila pilau.

Kosa lake lilikuwa hilo, na ni kosa la mwalimu: kuamini kwamba mtu akipewa kioo atajitazama. Binadamu ukimpa kioo anakigeuzia kwa jirani.

Maana mtu mmoja alikata maandishi ya chini, akaituma picha peke yake kwenye kundi la wasapu la mtaa. Kufika kesho yake ilikuwa imeshazunguka Chanji, mtaa wa Malangali, na nadhani hata mwezini. Na mtu mwingine, ambaye jina lake halijulikani mpaka leo ingawa kila mtu anamjua, akauliza: "Jamani, mbona kama yule bibi wa pombe wa Malangali?"

Huyu bibi alikuwepo kweli. Alikuwa mpika pombe ya ulezi, mjane, aliyekaa peke yake karibu na njia ya kwenda kanisani. Macho yake yalikuwa mekundu, ndiyo, kwa sababu amepuliza kuni chini ya mapipa tangu kabla baadhi yetu hatujazaliwa. Ukikaa kwenye moshi kwa miaka yote hiyo, hata macho ya malaika yangeiva. Kilemba chake alikifunga kwa mbele kama bibi yeyote wa Ufipa. Mashine haikuwahi kumwona. Lakini sasa ilikuwa imemtolea ushahidi.

Mnajua desturi ya pombe ya kienyeji: muuzaji huonja kwanza. Anachota kopo, anapiga funda moja mbele yako, ndipo anakupa. Ni adabu na ni kinga. Anakuonyesha kuwa hakuna kitu ndani. Bibi alionja hivyo maisha yake yote bila mtu kumtazama mdomoni. Wiki ile watu walianza kumtazama. Wakasema anaonja kwa ujanja, anameza kwa upande mmoja. Kisha wakaacha kununua. Kisha watoto wa jirani wakakatazwa kumchotea maji. Kisha, mchana kweupe, jiwe likatua juu ya bati lake.

Jioni ile mwalimu alifika darasani bila chaki. Alikaa. Hatukuwahi kumwona amekaa.

"Nimemchongea mtu," alisema. "Nilitaka kuwaonyesha uongo, nimeupa anwani."

Jumapili, misa ilipotoka na njia imejaa watu, alikwenda kwa bibi na koti lake, sisi tukimfuata nyuma kama kwaya isiyo na wimbo. Bibi alikuwa kwenye benchi peke yake na chungu kilichojaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunitazama macho na wewe?"

"Nimekuja kunywa."

"Wewe?" Bibi alicheka kicheko kikavu. "Wewe unayepita hapa umeziba pua?"

"Mimi huyohuyo."

Bibi akachota, akapeleka kopo mdomoni ili aonje. Mwalimu akaufunika mdomo wa kopo kwa kiganja.

"Leo usionje, mama."

"Nisipoonja watasema nimekuua."

"Ndiyo maana nasema usionje."

Njia nzima ilisimama. Nawaambia, hata kunguru wa kanisani walishuka chini ili wasikie. Mwalimu aliinua kopo lile. Pombe kidogo ilimwagikia koti, iliyobaki aliimeza kwa mikupuo mirefu, akafuta mdomo, akaomba jingine. La pili nalo halikuonjwa. La tatu sijui kama liliombwa au lilikuja lenyewe. Muda si mrefu mwalimu wetu, mtu ambaye pombe ilikuwa haijui hata harufu ya pumzi yake, alikuwa amemshika mbuzi wa jirani pembe zote mbili, anamfundisha haki na wajibu wa mbuzi katika jamii. Mbuzi alisikiliza kuliko sisi. Kisha mwalimu akaimba. Tulimbeba kumrudisha, mimi nikishika miguu, mfugaji akishika pande zote zilizobaki.

Tuliamini tumeshinda. Jumatatu mtaa ukaamka na habari mpya: mwalimu kalishwa! Miaka yote hanywi, leo kanywa kwa bibi mpaka kahubiria mbuzi! Hiyo ni akili yake? Kumbe bibi ana nguvu kuliko tulivyodhani. Mawe yakawa mawili. Bibi akaanza kufunga vyombo vyake kwenye kanga ili ahamie kwa mdogo wake, kijijini Kaengesa, na chungu kikubwa cha pombe akakitoa nje kipate mtu wa kukichukua. Hakuna aliyekigusa.

Darasani mwalimu alijaribu kulifanya jambo liwe mzaha. "Afadhali wanisingizie mimi," alisema, "mimi nina mdomo." Mfugaji, ambaye alikuwa haongei mpaka aulizwe, alisimama, kichwa karibu kigonge bati.

"Mwalimu, kwetu bibi yangu alihamishwa kwa macho hayohayo. Alipikia kuni maisha yake yote. Walisema aondoke kwa wema. Akaondoka kwa wema. Hatukumwona tena."

Akakaa. Darasa zima hatukuwa na pa kuweka macho.

Mwalimu akafanya jambo ambalo bado silisadiki: alitoa simu yake, akanipa mimi, akasimama katikati ya darasa, uso kwa uso. "Nipige picha," alisema. "Uso wote."

Nikampiga. Akachukua simu, akaipa mashine picha ile, akaiandikia, tena bila salamu: macho mekundu, ungo, radi. Ikatoka baada ya chafya moja. Mwalimu wetu akiwa na koti lake juu ya ungo, anapaa juu ya soko, radi nyuma yake kama mkia wa jogoo. Akaituma kwenye kundi lilelile la wasapu na maneno haya: *Mwalimu wa jioni. Ruti ya Chanji hadi Malangali. Nafasi zipo, wanafunzi nusu nauli.*

 Kisha mtu mmoja akacheka. Kisha kundi lote.

Kesho yake akaturusha sisi. Mimi nilipewa ungo wa kubebea magunia, na unga ukimwagika njia nzima kama mvua ya masika. Mfugaji alipaa na ng'ombe wawili. Safari hii mashine ilimchora yeye mwenyewe na si Mmasai, maana alikuwa amesimama mbele yake. "Baba akiona hii atanirithisha," alisema, akaicheka mpaka machozi. Watu wakaanza kuja wenyewe. Kinyozi alitaka ungo wenye kiti cha kuzunguka. Mama wa nyuma alitaka wake uwe na rozari. Mwishowe akaja mwenyekiti wa mtaa, amekunja uso.

"Mwalimu, nimeona unawarusha watu. Mimi kama kiongozi nimesikitika sana."

"Samahani, mheshimiwa."

"Umemrusha mpaka kinyozi."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Mimi umeniacha chini." Akasafisha koo. "Wangu uwe mkubwa kidogo."

Ndani ya siku chache mtaa mzima ulikuwa hewani. Watu waliweka picha zile kwenye simu zao badala ya picha za harusi. Macho mekundu yalikuwa mengi kiasi kwamba asiye nayo ndiye aliyetiliwa shaka. Na picha ya bibi ilizama katikati ya nyungo nyingine zote. Ukiitafuta kwenye kundi lazima umpite mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa haishi kujituma.

Sitawadanganya kwamba watu waliacha kuamini. Sisi si malaika, na hata mwalimu alikuwa bado anaokota nywele. Lakini hofu ikishachekwa hadharani inaona aibu kuokota jiwe. Wa kwanza kurudi kwa bibi alikuja kumtania, wa pili alikuja kwa kiu, na wa tatu hakusema sababu. Bibi alifungua kanga, akarudisha vyombo mahali pake, akachemsha upya. Kaengesa hakwenda.

Nilimaliza masomo, nikafaulu kwa namna ambayo ukoo wetu unaendelea kuisimulia. Mwalimu alistaafu hata kustaafu kwenyewe. Nikawa simwoni.

Mwaka huu, ulezi ukiwa umeshaingia ghalani, nilipita Malangali na baiskeli, nikamkuta kwenye benchi la bibi. Amekonda ndani ya koti, ameshika simu karibu na pua. Bibi alikuwa amekaa wima pembeni yake, kanga mpya, mikono magotini, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Nilisalimia wote wawili. Bibi akaitikia bila kutikisa shingo, asiharibu pozi.

"Ananitengeneza," aliniambia.

"Siku zote hizo alikuwa anakataa kuchorwa," mwalimu alinieleza kwa sauti ya chini. "Leo katuma mtoto aniite."

"Umeshaniweka mlangoni?" bibi akamuuliza.

"Nimekuweka, mama. Nyumba yako hii hii, macho yako haya haya, sijagusa kitu. Nimeikataza kabisa isibuni."

"Vizuri. Sasa niwekee ng'ombe."

Mwalimu akashusha simu. Niliiona ile sura ya darasani ikimjia, ya mtu anayetaka kutoa sifuri. "Mama, ng'ombe huna. Safari hii nataka tuwaonyeshe watu ulivyo kweli. Ng'ombe hukuwahi kuwa nao."

Bibi akageuza shingo, taratibu, akamtazama kwa macho yake yale yaliyopikwa na kuni.

"Na radi je," akamuuliza, "nilikuwa nayo?"

 Upepo ulipita, ukalivuta koti la mwalimu, ukaliachia. Kisha akainama juu ya simu, akaanza kuandika kwa kidole kimoja.

"Wa mabaka," alisema bibi, akirudi kwenye pozi. "Na wawe wengi."